Masega ya gari: historia ya kipande walichomwibia yaya yangu

Zamu ya historia imeniangukia mimi. Najua mara ya mwisho niliandika mambo ya reli na mkatupa maoni mengi mazuri, ila leo nitaandika juu ya kipande cha bomba la moshi. Msicheke kwanza, someni.

Mwezi wa nane yaya yangu alinipigia simu toka Amerika. Wengi wenu mnamkumbuka, ndo yule aliyekuwa anachaji simu za watu pale karibu na uwanja kabla ya kupata safari. Sasa anaishi Dayton, jimbo la Ohio, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Ana Corolla ya mwaka 2004, gari ya kwanza kabisa katika familia yetu. Siku hiyo aliiwasha ili aende kazini, ikanguruma kama trekta. Majirani wakatoka nje. Kuinama chini ya gari akakuta bomba limekatwa kwa msumeno mahali pawili, na kipande cha katikati hakipo. Wezi walikuja usiku wakakichukua. Redio waliacha, matairi waliacha, wamechukua kipande cha bomba tu!

Garaji ya kwanza aliyoenda ilimwambia alipe zaidi ya dola 1,500. Gari yenyewe aliinunua dola 2,800. Na pale anapokaa hakuna basi linalofika ghalani usiku, kwa hiyo bila gari hakuna kazi, na bila kazi hakuna kodi ya nyumba, wala ile pesa kidogo anayotutumia sisi huku Nakivale. Mama alipoambiwa hakulala.

Basi nikapeleka simu kwa baba mdogo. Yeye ni fundi tangu Uvira, na hapa kambini ndo anatengeneza pikipiki na gari zote mbovu za upande wetu. Alisikiliza, akacheka, akasema: "Hayo ni masega tu. Mwambie aweke bomba tupu, achomelee, aende kazini. Sisi huku tunayatoa kila siku." Yaya akajibu kutoka kule: "Baba mdogo, huku ukiyatoa ni kosa la sheria ya nchi nzima. Lazima nirudishe mengine."

Hapo ndo swali likanikamata. Inakuwaje kitu kimoja huku fundi anakitoa na kukitupa, kule kukitoa ni kosa, na wezi wanaamka saa tisa za usiku kukitafuta? Nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni historia ambayo inatuhusu kuliko nilivyofikiri.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe ni nini. Chini ya gari, kati ya injini na sailensa, kuna kopo la chuma. Ndani yake kuna kauri iliyotobolewa vitundu vidogo vidogo maelfu, kama sega la nyuki, ndo maana mafundi wetu wanayaita masega. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini matatu ya thamani: platini, paladi na rodi. Ni gramu chache tu. Moshi wa injini ukipita pale ukiwa wa moto, gesi mbaya zinabadilika. Ile gesi ya kaboni inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba inageuka kaboni dayoksaidi ya kawaida. Petroli ambayo haikuungua inageuka maji na kaboni dayoksaidi. Oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni na oksijeni, hewa ile ile tunayovuta. Madini yenyewe hayaishi, yanachochea tu halafu yanabaki pale pale. Kwa hiyo mwizi anayekata masega ya miaka ishirini bado anapata platini.

Mtu aliyekifanyia kazi kichocheo cha namna hiyo cha moshi wa magari mpaka kikawa kitu cha kuuzwa aliitwa Eugene Houdry. Alizaliwa mwaka 1892 huko Domont, karibu na Paris. Vita ya kwanza ya dunia alikuwa askari wa vifaru, akajeruhiwa mwaka 1917, nchi yake ikampa nishani. Baada ya vita alipenda mashindano ya magari, na kupitia mashindano akaanza kutafuta petroli nzuri zaidi. Akagundua njia ya kuvunja mafuta mazito kwa kutumia kichocheo ili yatoe petroli nyingi na bora. Ufaransa hawakuona faida ya kuendelea naye, basi mwaka 1930 akaenda Marekani. Mwaka 1937 kiwanda kikubwa cha kwanza cha njia yake kilianza kazi Marcus Hook, Pennsylvania. Vita ya pili ilipofika, petroli ya ndege za kivita za upande wa Marekani na Uingereza ilitegemea sana njia hiyo.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 1940 Ujerumani iliiteka Ufaransa, na serikali ya Vichy ikakubali kufanya kazi na Wajerumani. Houdry alikataa. Akiwa Marekani aliongoza chama cha Wafaransa waliomuunga mkono De Gaulle. Mwaka 1941 serikali ya Vichy ikamvua uraia wake. Mtu aliyevuja damu kwa ajili ya nchi hiyo, wakamwandikia kwamba si Mfaransa tena. Mwaka uliofuata akawa raia wa Marekani.

Mimi niliposoma hapo nilisimama kidogo. Kwenye vitabu wanamwita mhandisi na mvumbuzi, na ni kweli, lakini sisi tunajua jina lingine la mtu ambaye serikali ya kwao imemwambia si wake. Sijaona mahali wanapolitumia jina hilo kwake. Pengine ukiwa na kiwanda halikushiki.

Baada ya vita Houdry alianza kusoma habari za moshi wa Los Angeles. Mji huo ulikuwa umeanza kuumwa na hewa yake. Mwezi wa saba mwaka 1943 ukungu mchungu uliushukia, macho yakawasha, watu wengine wakadhani Wajapani wamewapiga na gesi. Miaka michache baadaye mkemia mmoja, Arie Haagen-Smit, naye mhamiaji, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba ule ukungu unapikwa na jua kutokana na moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta. Huyo bwana kabla ya hapo alikuwa anachunguza harufu ya nanasi! Kampuni za magari na za mafuta zilibisha miaka mingi.

Houdry hakubisha. Alianzisha kampuni yake akatengeneza kichocheo cha moshi, na mwaka 1956 akapewa hati ya uvumbuzi. Kifaa kilifanya kazi kwenye mashine za kuinua mizigo ndani ya maghala, zile ambazo moshi wake ungewaua wafanyakazi. Lakini kwenye magari ya barabarani kilishindwa. Kwa nini? Kwa sababu ya risasi.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa madini na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki, na sisi wa Kivu hilo la pili ndo tulilijua mapema. Lakini risasi hii nyingine iliingia kwenye miili ya watu wengi zaidi, kimya kimya. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, aligundua kwamba ukitia dawa yenye risasi kidogo ndani ya petroli, injini inaacha kugonga. Aligundulia wapi? Dayton, Ohio. Na tarehe 2 Februari 1923 petroli hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza duniani, tena palepale Dayton. Yaani mji ule ule ambao yaya yangu amelala chini ya Corolla yake. Nilipomwambia hakuamini, akasema anapita barabara hiyo kila wiki.

Kampuni iliipa bidhaa jina la "Ethyl", neno risasi likafichwa. Waliijua hatari. Midgley mwenyewe aliugua sumu hiyo. Mwezi wa kumi mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa kwenye kiwanda kimoja cha New Jersey, wengine wakachanganyikiwa akili kabla ya kufa. Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa ile dawa mbele yao kuonyesha haina shida. Biashara ikaendelea, ikasambaa dunia nzima, mpaka kwetu.

Risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Na inaharibu masega pia: inayafunika yale madini, baada ya matanki machache ya mafuta hayafanyi kitu tena. Houdry alikufa mwaka 1962 bila kuona kifaa chake ndani ya magari ya watu.

Kilichobadilisha mambo ni sheria. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya hewa safi iliyodai gari mpya za mwaka 1975 zipunguze sehemu kubwa ya moshi mbaya, asilimia 90. Kampuni zikalia kwamba haiwezekani. Halafu zikaweza. Kampuni ya vioo ya Corning ilitengeneza kauri yenye vitundu inayovumilia moto na mitikisiko, General Motors wao walianza na kopo lililojaa vidonge vidonge, na gari za 1975 zikatoka na masega. Miaka miwili baadaye Volvo ikaleta aina inayosafisha gesi zote tatu kwa pamoja, ikisaidiwa na sensa inayopima oksijeni kwenye moshi. Hiyo ndo aina iliyopo mpaka leo.

Lakini masega hayaendi na risasi, kwa hiyo ilibidi pampu zote kubwa ziuze petroli isiyo na risasi. Wakafanya mdomo wa tanki la gari mpya kuwa mwembamba ili bomba la petroli ya risasi, ambalo ni nene, lisiingie. Watu nao ni watu. Petroli ya risasi ilikuwa rahisi kwa bei, basi wengine wakapanua mdomo wa tanki, wakamwaga humo humo. Ukidhani ujanja wa namna hii ni wa kwetu peke yetu, pole.

Kwa hiyo risasi ilianza kuondoka kwanza ili kulinda kopo la chuma. Watoto walifaidika kwa bahati. Kati ya mwaka 1976 na 1980 risasi kwenye damu ya Wamarekani ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mkemia Clair Patterson alikuwa amepiga kelele tangu miaka ya sitini kwamba risasi imejaa kila mahali kwa sababu ya binadamu, na alinyimwa pesa za utafiti kwa ajili ya hilo. Marekani ilipiga marufuku kabisa petroli hiyo kwa magari ya barabarani mwaka 1996.

Na sisi? Sisi tuliendelea kuivuta. Gari zilizotumika Japani zilikuwa zinashuka Mombasa na Dar es Salaam zikiwa na masega mazuri chini yake, zinakutana na petroli ya risasi. Hebu fikiria: gari imetoka kiwandani na dawa yake, matanki machache ya kwanza ya Afrika yanaiua. Mwaka 2001 serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuacha risasi, na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lile lenye makao makuu Nairobi, likafuatilia. Kufika mwanzo wa mwaka 2006 ukanda wetu ulikuwa umeacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwezi wa saba mwaka 2021. Juzi tu, wandugu. Miaka karibu mia tangu pale Dayton.

Nilimsomea baba mdogo sehemu hii jioni moja garajini. Alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikulikuta popote nilipokuwa nasoma. Alisema alipojifunza ufundi, mwalimu wake alimfundisha kwamba gari ikikosa nguvu, toa masega, yameziba. Ilikuwa kweli wakati ule, yalikuwa yanakufa haraka. "Petroli ilibadilika," akasema, "lakini nani alikuja kutuambia?" Halafu akakumbuka kwamba siku hizi kuna wanunuzi wanaopita na pikipiki wakitafuta masega ya zamani, wanalipa vizuri, na yeye kodi ya kibanda mara nyingi imetoka hapo. Siwezi kumhukumu. Ila mdogo wetu wa mwisho anacheza pale pale garajini, nyuma ya gari zinazonguruma, kila siku baada ya shule.

Hao wanunuzi na wezi wa Dayton wanafuata bei moja. Platini nyingi ya dunia inachimbwa Afrika Kusini. Tarehe 16 Agosti 2012, kwenye mgodi wa platini wa Marikana, wachimbaji waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na polisi, wakafa 34 siku hiyo moja. Na mwaka 2021 aunsi moja ya rodi ilipita dola 20,000, zaidi ya mara kumi ya dhahabu. Hapo ndo wezi wa Amerika walipoamka. Sisi wa nchi yenye koltani hatuhitaji kuelezwa madini yakipanda bei kinachofuata.

Turudi kwa yaya. Kwa kuwa garaji ilikuwa ghali, aliamua kufunga mwenyewe, baba mdogo akimwongoza kwa video. Alitafuta masega mapya ya kampuni nyingine, yaliyotengenezwa kwa gari yake hasa, yanayofungwa kwa bolti pande zote mbili bila kuchomelea, yenye alama kwamba yanakubalika kisheria katika jimbo lake. Dola 270 pamoja na gasketi. Sensa ya nyuma nayo wezi walikata waya wake, akaongeza nyingine. Kwa anayetaka kujua: California wana sheria kali zaidi na orodha yao wenyewe ya yanayoruhusiwa, kwa hiyo kabla hujanunua soma ya jimbo lako.

Jumamosi, huku saa tatu usiku, kule saa nane mchana, tukanunua bando tukaanza. Baba mdogo alikataa yaya asiingie chini mpaka gari ipoe kabisa na ikae juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake. "Jeki inainua, haishiki," alirudia mara tatu mpaka yaya akakasirika kidogo. Nati zilikuwa na kutu la miaka ishirini la chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Alipulizia mafuta ya kulegeza kutu, akaambiwa aende ale, arudi baada ya saa moja. Moja ilikatika hata hivyo. Huku bando likaisha, nikakimbia kununua lingine, nikarudi nikamkuta baba mdogo amekaa gizani anaangalia skrini iliyozima.

Bolti iliyokatika ilitobolewa na kubadilishwa. Gasketi mpya kila upande, za zamani hazirudi. Bolti zote zikaingizwa kwa mkono kwanza, bomba likae sawa, ndipo zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana pande. Sensa ikafungwa mwisho, kwa uangalifu waya usiguse bomba. Saa nne nzima zilipita.

Yaya akawasha. Ule mngurumo wa trekta ulikuwa umekwisha. Mama akapiga vigelegele, jirani akauliza nani amejifungua. Lakini baba mdogo akanyoosha mkono tunyamaze. Akamwambia yaya asogeze simu nyuma, karibu na bomba la moshi, akafunga macho akasikiliza.

"Inamisi," akasema. "Silinda moja haichomi vizuri. Petroli mbichi inaingia kwenye masega yako mapya, itayachoma ndani kabla ya Krismasi. Kesho angalia plagi na koili."

Kesho yake yaya akakuta koili ya silinda ya tatu imepasuka. Akabadilisha, taa ya injini ikazimika, Jumatatu usiku akaenda kazini.

Na hapa kambini, wiki iliyopita mwenye Premio mmoja alikuja akitaka masega yatolewe kwa sababu gari haina nguvu. Baba mdogo alifungua plagi kwanza. Zilikuwa nyeusi tii. Alizibadilisha, akamrudishia gari yake na masega yake ndani. Yule mnunuzi wa pikipiki alipopita Alhamisi aliondoka mikono mitupu, na kodi ya kibanda ya mwezi huu bado haijalipwa.